Mvua ya Kiriaini: Onyo linavyotoka Nairobi na linavyopotelea njiani

Mvua ikinyesha wiki nzima Kiriaini, mambo mawili hutokea. La kwanza ni la huko huko: udongo mwekundu wa miteremko hunywa maji hadi ukashindwa kujibeba, na kipande cha mlima huachia na kushuka pamoja na chai, kahawa, zizi na nyumba. La pili huchukua siku kadhaa, na linatugusa sisi wa Pwani moja kwa moja. Maji hayo huingia mito ya Mathioya, Mathioya humwaga katika Tana, Tana hujaza bwawa la Masinga, na Masinga likifurika wenzetu wa Madogo, Hola, Garsen na Kipini huanza kubeba magodoro.

Ndiyo sababu makala haya ya tovuti ya Pwani yanaanzia mbali hivyo. Anayetaka kujua kwa nini maonyo ya mafuriko na maporomoko hutolewa kila mwaka na bado watu hufa, atapata jibu jema zaidi akilifuata onyo moja kuanzia linakotungwa hadi kwenye mlango wa nyumba iliyo chini ya mteremko.

Mahali penyewe

Kiriaini ni mji mdogo wa soko katika eneo la Mathioya, Kaunti ya Murang'a, kwenye barabara inayotoka mjini Murang'a kwenda Othaya na Nyeri. Magharibi yake ipo safu ya Aberdare, ambayo Wakikuyu huiita Nyandarua. Kutoka kwenye safu hiyo ardhi hushuka kwa migongo mirefu na myembamba, na kati ya mgongo na mgongo lipo bonde lenye mto. Sehemu za juu ni za chai, za chini kidogo ni za kahawa. Udongo umetokana na volkano, nao umelainika kwenda chini mita nyingi kabla ya kukutana na mwamba. Kina hicho ndicho kinachoifanya chai istawi. Ndicho pia kinachoufanya mteremko ubebe maji mengi mno kabla ya kuachia.

Watu ni wengi na mashamba yamegawanywa kutoka kwa babu hadi kwa wajukuu. Mtu hujenga pale aliporithi, hata kama pamesimama kama ukuta. Ili apate kiwanja cha nyumba huchimba ukingo, na kwa kufanya hivyo huondoa mguu uliokuwa ukiushikilia mteremko. Barabara nazo hufanya vivyo hivyo kwa ukubwa zaidi, na mitaro yake mara nyingi hutema maji yote ya mvua sehemu moja, shambani mwa mtu.

Mnamo Aprili 1991 mporomoko mmoja wilayani Murang'a uliua watu 8, na wanajiolojia wakauandikia. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mingine mingi. Masika ya 2018 na ya 2024 yalihamisha familia tena katika kaunti hiyo. Kwa hiyo hatari hii haifichiki. Mzee yeyote wa huko ataweza kukuonyesha kovu la mteremko ulioshuka na kukutajia nyumba iliyokuwa pale.

Asilimia 45 maana yake nini

Kila msimu, wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika hukutana chini ya kituo cha ICPAC na kutoa utabiri wa eneo zima. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huuchukua na kutoa wa nchi, kisha mkurugenzi wa hali ya hewa wa kila kaunti huuleta karibu zaidi. Baadaye hufuata utabiri wa mwezi, wa wiki na wa siku, na tahadhari za mvua kubwa inapobidi.

Utabiri wa msimu hutolewa kwa mafungu matatu. Unaweza kusoma kwamba uwezekano wa mvua kuwa juu ya kawaida ni asilimia 45, kuwa ya kawaida asilimia 35, na kuwa chini ya kawaida asilimia 20. Maana yake ni kwamba ukiipata misimu 100 yenye dalili kama hizi, katika 45 hivi mvua itapita kiwango cha kawaida. Namba hizo hazisemi mvua itanyesha kwa asilimia 45 ya siku. Hazisemi pia mvua itaongezeka kwa asilimia 45, ingawa nimewahi kumsikia mtangazaji akieleza hivyo redioni bila wasiwasi wowote.

Hata ikisomwa vizuri, sentensi hiyo inamwambia nini mama mwenye ekari moja ya chai karibu na Kiriaini? Inamwambia habari njema. Mvua ya juu ya kawaida ni majani mengi kituoni na malipo mazuri. Mtaalamu anadhani ametoa onyo, mkulima anasikia baraka, na wote wawili wana haki.

Tahadhari ya siku nayo ina tatizo lake. Husema, kwa mfano, kwamba mvua ya zaidi ya milimita 40 inatarajiwa kwa saa 24. Milimita ni kipimo cha ofisini. Milimita 40 ni lita 40 kwa kila mita moja ya mraba. Kwenye robo ekari hizo ni lita kama 40,000, yaani matangi manne ya lita elfu kumi yamemwagwa juu ya shamba moja dogo kwa siku moja. Mwambie mtu hivyo, kisha mwambie kwamba jana na juzi yalimwagwa matangi kama hayo na udongo bado haujakauka, na utaona anageuka kuutazama ukingo ulio nyuma ya jiko lake.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likizihimiza nchi kuhamia huko tangu katikati ya miaka ya 2010: kutangaza kile hali ya hewa itakachofanya, badala ya kutangaza itakavyokuwa tu. Kwa eneo kama Mathioya, onyo la namna hiyo lingetaja mgongo na bonde kwa majina, lingesema ni usiku upi ulio na hatari zaidi, lingesema nani asilale kwake, na lingesema aende wapi. Onyo lisilo na mambo hayo manne ni taarifa. Taarifa ina kazi yake, lakini haimtoi mtu kitandani saa nane za usiku.

Sauti ya nani

Murang'a ina historia ya kukataa ushauri mzuri uliotolewa vibaya. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilikuwa na wasiwasi wa kweli kuhusu mmomonyoko wa udongo katika wilaya hiyo, ambayo wakati huo iliitwa Fort Hall. Dawa yake ilikuwa kuwalazimisha watu, wengi wao wanawake, kuchimba matuta ya kuzuia maji kwa kazi isiyolipwa chini ya machifu. Mwaka 1947 kazi hiyo ilianza kugomewa, na mwaka 1948 wanawake waliandamana hadharani kuipinga. Kuhusu udongo wakoloni hawakukosea. Lakini wanawake walikuwa wanasikiliza sauti inayowaambia, na sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwanyima mengine yote. Matuta yenyewe leo yamejaa katika milima hiyo, yamechimbwa na wenye mashamba kwa hiari yao.

Mfano wa karibu zaidi wengi wetu tunaukumbuka. Mwaka 2023 wataalamu walikuwa wametabiri vuli yenye El Niño, na kaunti zikaanza kujitayarisha. Mwezi Oktoba Rais William Ruto akasema wataalamu wamemweleza kwamba El Niño ya uharibifu mkubwa iliyohofiwa haingekuja, ila mvua ya juu ya kawaida. Kufikia mwisho wa Novemba watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa kwa mafuriko nchini, na Mombasa, Kwale, Kilifi na Tana River zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Sidhani kuna aliyekusudia kudanganya. Utabiri ulibadilishwa katikati ya matayarisho, na uliposikika kwa kinywa cha mkubwa ukageuka kuwa ruhusa ya kukunja mikono. Mtu aliyekuwa amepanga kuzibua mtaro wiki ile aliuacha.

Kinyume chake kipo, na kipo jirani na Kiriaini. Mwaka 2008 Idara ya Hali ya Hewa ilianzisha Kangema RANET FM, redio ndogo ya kijamii katika eneo hilo hilo la maporomoko, inayotangaza hali ya hewa kwa Kikuyu pamoja na habari za kilimo na mambo ya kawaida ya kijijini. Wazo lake ni rahisi: anayekuonya leo awe ni yule yule aliyekuambia jana lini upande viazi, na akakosea au akapatia mbele ya macho yako. Redio za aina hiyo zimeanzishwa kwingine pia, ikiwemo Kwale hapa kwetu. Huko Bunyore, Kaunti ya Vihiga, wataalamu wa serikali walikwenda mbali zaidi. Walikaa na ukoo wa Nganyi, watabiri wa mvua wa jadi, wakalinganisha dalili za miti na wadudu na zile za satelaiti, kisha wakatoa utabiri mmoja. Anayecheka miti na wadudu ajiulize ni wangapi kijijini mwake wanafungua barua pepe ya utabiri.

Redio peke yake haitoshi, kwa kuwa maporomoko mengi huua usiku wakati redio imezimwa. Kiriaini wana njia ambazo tayari zinafanya kazi kwa mambo mengine: kituo cha kukusanyia majani ya chai, ambapo wakulima hukutana siku za kuchuma, kanisa, baraza la chifu, vyama vya akina mama, wazee wa Nyumba Kumi, madereva wa matatu wa kwenda Othaya, ambao ndio wa kwanza kuona barabara imepasuka. Na kuna kamsa ya jadi, ambayo Wakikuyu huiita mbu, inayorushwa kutoka mgongo mmoja wa mlima hadi mwingine. Wezi wakiingia, inasikika bonde zima. Kinachokosekana ni makubaliano kwamba ipigwe pia kwa ajili ya ufa kwenye ardhi, na nani aipige.

Bangladesh walifanya makubaliano kama hayo kwa kiwango cha nchi. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua huko watu zaidi ya laki tatu kwa hesabu nyingi. Baada yake wakajenga mpango wa watu wa kujitolea wanaopita kijiji kwa kijiji na vipaza sauti vya mkononi, na baadaye wakaongeza majengo ya kukimbilia. Mwaka 2007 kimbunga Sidr, kikali pia, kiliua watu wapatao 3,400. Bado ni wengi mno, ila ni sehemu ndogo ya wale wa kwanza. Mjumbe alikuwa jirani, na palikuwa na mahali pa kwenda.

Dalili ambazo mtu huona mwenyewe

Hakuna kituo cha hali ya hewa kinachoweza kuujua mteremko wa nyuma ya nyumba yako kuliko wewe. Mwanzoni dalili ni ndogo na mtu huzipuuza. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri unaanza kukwama. Ufa mpya unaonekana kwenye sakafu, ukutani, au juu shambani, umepinda kama mwezi mchanga. Nguzo za ua, miti au nguzo za umeme zinainama upande mmoja. Chemchemi inatokea mahali ambapo haikuwepo, au ile ya siku zote inageuka tope. Ukiona mto umepungua ghafla huku mvua inanyesha, usifurahi: huenda udongo umeuziba huko juu na maji yanajikusanya. Mngurumo wa chini chini, au sauti ya miti kuvunjika, ni dalili ya mwisho, na baada yake muda ni mfupi.

Ufa ukionekana, ukoo wote uhamie kwa jamaa asiye chini ya mteremko huo, na chifu aambiwe siku hiyo hiyo. Ardhi ikianza kusogea, mtu akimbie kwenda upande, atoke kwenye njia ya udongo, apande palipo juu. Kukimbia kuteremka bondeni ni kukimbia na mporomoko ukimfuata nyuma. Mvua ikikatika usirudi mara moja, kwani maji bado yanashuka ndani ya udongo na mteremko unaweza kuachia jua likiwaka.

Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024, watu hawakupata hata nafasi ya kuangalia dalili. Maji yaliyokuwa yamezuiwa huko juu kwenye njia ya reli ya zamani yalifunguka kabla ya alfajiri, yakashuka na mawe na miti juu ya watu waliolala, na zaidi ya 50 wakafa. Aliyekuwa chini hakuweza kuona kilichoziba juu. Kwa hiyo ulinzi wa jirani kwa jirani una mpaka wake, na mitaro, kalvati na mabwawa yaliyo juu ya makazi ni kazi ya serikali kuyakagua kabla ya masika. Siku chache baadaye Wizara ya Usalama wa Ndani iliwaagiza walioishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 wahame ndani ya saa 24. Orodha hiyo ingewafaa zaidi watu kama ingebandikwa kwenye ofisi za machifu mwezi Februari.

Kwa nini hawahami

Ni rahisi kwa aliye mbali kusema watu ni wakaidi. Mkulima wa Mathioya ana ng'ombe wa maziwa wawili ndani ya banda, na ng'ombe hawapandi ghorofa wala hawakaribishwi kwenye darasa la shule ya msingi. Ana chai ambayo isipochumwa inapita wakati wake. Ana makaburi ya wazazi shambani. Ana hofu kwamba akiondoka wiki mbili atakuta mabati yameng'olewa. Na mara nyingi amewahi kuhamishwa, akalala shuleni, mvua isinyeshe kama ilivyotabiriwa, kisha akarudi bila hata mtu mmoja wa kumweleza kilichotokea.

Hilo la mwisho ndilo rahisi kuliko yote kurekebisha. Sisi wa Pwani tulionywa kuhusu kimbunga Jobo mwezi Aprili 2021, na kilidhoofika kabla ya kufika nchi kavu. Mwezi Mei 2024 tukaonywa kuhusu Hidaya, ambacho kilipiga Mafia na pwani ya kusini ya Tanzania, na baadhi yetu tayari walikuwa wanasema ni Jobo nyingine. Onyo ambalo halikutimia lilihitaji maelezo ya dakika tano redioni siku iliyofuata: tulitarajia hivi, ikawa hivi, kwa sababu hii. Tuliachwa tujieleze wenyewe, na tukajieleza kwa mzaha.

Uganda inaonyesha upande mwingine wa kuhama. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka Nametsi, wilayani Bududa, kwenye miteremko ya Elgon, na inaaminika zaidi ya watu 300 walifukiwa, wakiwemo waliokuwa wamejikinga mvua kwenye kituo cha afya. Serikali iliwapeleka manusura Kiryandongo, mamia ya kilomita mbali. Baadhi yao walirudi mlimani. Waliambiwa hatari ya mahali walipotoka, lakini riziki ya mahali walipopelekwa haikujadiliwa nao vya kutosha.

Hadi Garsen

Turudi kwenye maji. Masinga ndilo bwawa kubwa na la juu kabisa kati ya matano yaliyopangana kwenye Tana, nalo lilikamilika 1981. Linapojaa KenGen hutoa tahadhari kwa wanaoishi chini ya mto hadi Tana River. Tahadhari hiyo ni mojawapo ya bora tulizo nazo kwa sababu inatoa muda: maji yanayofurika Masinga hayafiki Garsen usiku huo huo. Hata hivyo, mwisho wa Aprili 2024 mashua iliyobeba abiria ilizama Kona Punda, kati ya Garissa na Madogo, na watu kadhaa wakafa maji. Barabara ilikuwa imefunikwa, tahadhari zilikuwa zimetolewa, na watu walikuwa na safari. Wapokomo wa kingo za Tana, ambao kilimo chao kimetegemea mafuriko tangu zamani, hulisikia neno maji kama mkulima wa chai anavyolisikia neno mvua. Anayewaonya aanze hapo.

Pwani imewahi kufanya vizuri. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yalikuwa yamekwisha kuua Asia yalipokuwa bado yanavuka bahari kuja kwetu. Habari zilipofika, polisi na maafisa waliwaondoa watu ufuoni, siku ya Jumapili katikati ya sikukuu. Kenya alikufa mtu mmoja, wakati Somalia walikufa karibu 300. Onyo lile lilikuwa fupi, lilitaja mahali na saa, lilibebwa na mtu aliyesimama mbele yako, na ulichotakiwa kufanya ni kutembea mita mia chache kwenda juu.

Mwenye ndugu Mathioya anaweza kumpigia wiki mvua zinapoanza na kumuuliza mambo mawili: ukingo wa nyuma ya nyumba ukoje, na usiku wa mvua kubwa mnalala wapi. Aliye Garsen aulize kiwango cha Masinga kabla ya kupanda mahindi ukingoni. Simu ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haina malipo, na hupokelewa usiku na mchana.